Msisingizie Mtandao

Jumatano moja ya Februari, jioni, mvua ikipiga mabati ya Ilomba, Mbeya, hadi watu wanaongea kwa kupaza sauti, binti mmoja alikuwa ameketi mbele ya kompyuta ya steshenari iliyo hatua chache kutoka barabara kuu ya kwenda Tunduma. Alikuwa ametoka Chimala asubuhi kwa kosta. Alikuwa anaomba ufadhili wa masomo kwa taasisi ambayo sitaitaja, na siku ya mwisho ya kupokea maombi ilikuwa hiyohiyo, saa sita usiku. Fomu ilikuwa na kurasa saba. Ukurasa wa sita ulimtaka aeleze, kwa maneno mia tano, maisha ya nyumbani kwao na sababu ya yeye kustahili kusaidiwa.

Mimi nilikuwa kwenye foleni ya fotokopi, nyuma yake kidogo, na kwa kuwa kazi yangu ni kutengeneza mifumo ya namna hiyo, macho yalinipeleka kwenye skrini bila kukusudia. Aliandika kwa vidole viwili. Aliandika habari za baba yake aliyefariki yeye akiwa darasa la sita, na za mama yake anayelima mpunga kwenye shamba la kukodi. Alikuwa anafuta, anafikiri, anarudia. Mara mbili alisimama kuandika, akaangalia nje kwenye mvua, kisha akaendelea. Alikaa kwenye ukurasa huo zaidi ya nusu saa. Halafu radi ikapiga upande wa Loleza na umeme ukakatika mtaa mzima.

Ulirudi baada ya robo saa. Mwenye steshenari akawasha kompyuta, akaifungua ile fomu. Ikaomba neno la siri upya. Binti akaingia, na fomu ikampeleka ukurasa wa kwanza. Jina, tupu. Tarehe ya kuzaliwa, tupu. Shule, tupu. Akabonyeza mbele, mbele, mbele, hadi ukurasa wa sita, na kile kisanduku alichokijaza maisha yake kilikuwa cheupe kama vile hakuna mtu aliyewahi kukaa pale.

Hakulia. Alimgeukia mwenye steshenari akasema, "Dada, nilivyoandika mara ya kwanza ilikuwa nzuri."

Kisha akaanza upya, maneno kama mia mbili hivi, ya haraka haraka, huku akiangalia saa ya ukutani na huku watu watatu nyuma yake wakisubiri kompyuta hiyohiyo. Na katika wale waliosubiri, mzee mmoja akatoa hukumu ambayo nchi nzima imezoea kuitoa: "Ndiyo mtandao huo, mwanangu. Vumilia."

Hapana. Nimeandika safu hii kwa ajili ya neno hilo moja. Mtandao haukumfanya lolote yule binti, na umeme haukumfanya lolote. Umeme wa Mbeya kukatika mvua ikinyesha ni jambo analolijua hata mtoto wa chekechea. Aliyemtendea ni mtu aliyeijenga ile fomu, aliyekaa mahali penye jenereta na intaneti ya uhakika, akaamua, au hata hakufikia kuamua, kwamba kila herufi atakayoiandika mwombaji ikae hewani mpaka kitufe cha mwisho kibonyezwe. Mtu huyo ana jina, analipwa mshahara, na amejifunza kazi. Alichokifanya kina jina pia. Ni uzembe, na uzembe unaomla mtu muda wake, bando lake, nauli yake na maneno yake ya kweli si kosa dogo la kiufundi la kusamehewa kwa tabasamu.

Naomba msomaji asiye fundi anivumilie kidogo, kwa sababu uongo wa "mtandao" unaishi kwa kutegemea kwamba watu hawajui ndani kuna nini.

Tovuti kwa asili yake haina kumbukumbu. Utaratibu ambao kivinjari chako na seva huzungumza kwao, uliobuniwa na Tim Berners-Lee kule CERN, Uswisi, unafanana na konda anayekudai nauli kila kituo kwa sababu hakumbuki kabisa sura yako. Unaomba ukurasa, unapewa, mmeachana. Ukiomba wa pili, wewe ni mgeni. Mwaka 1994 kijana wa kampuni ya Netscape, Lou Montulli, alibuni dawa: konda akukatie tiketi, ukae nayo wewe mwenyewe mfukoni, na kila akikufikia umwonyeshe. Tiketi hiyo ndiyo kuki, au kidakuzi kama wengine wanavyoiita. Ni ndogo, haizidi baiti elfu nne hivi, lakini iliifanya tovuti imjue mtu. Hiyo ni miaka zaidi ya thelathini iliyopita. Yule binti wa Chimala hakuwa amezaliwa.

Haikuishia hapo. Kuanzia mwaka 2009 vivinjari vikubwa vikaanza kuja na hifadhi yao ya ndani, kabati dogo lenye nafasi ya megabaiti tano hivi kwa kila tovuti, ambalo ukurasa unaweza kuweka maandishi yakakaa humo kwenye kompyuta au simu yenyewe. Kabati hilo halihitaji intaneti kuandikiwa. Ukizima, ukiwasha, yamo. Insha kama ile ya binti yule zingeingia humo mamia na nafasi ikabaki. Baadaye ikaja IndexedDB, iliyopitishwa rasmi kuwa kiwango cha wavuti mwaka 2015, ambayo ni ghala kamili: inapokea hata picha ya pasipoti na nakala ya cheti cha kidato cha nne, vyote vikasubiri humo hadi mtandao urudi. Ikaja pia aina ya programu ndogo inayokaa katikati ya ukurasa na mtandao, ikiufanya ukurasa wenyewe ufunguke hata laini ikiwa haina kitu. Vyote hivi ni bure, na vimo kwenye simu janja ya bei ya chini iliyouzwa pale Kabwe jana.

Sasa niambie, fundi mwenzangu, kwa vifaa hivyo vyote mkononi, fomu ya kurasa saba inapotezaje kila kitu?

Kazi yenyewe ni mistari michache ya msimbo. Mtu anaandika kwenye kisanduku. Akitulia nusu sekunde, ukurasa unachukua alichoandika na kukiweka kwenye hifadhi ya ndani pamoja na namba ya ukurasa aliopo. Akirudi, kabla ya kumwonyesha fomu tupu, ukurasa unachungulia kabatini: kuna rasimu? Ipo. Unamrudishia na kumwambia iliandikwa saa ngapi. Umeme ukikatika ghafla atapoteza labda sentensi yake ya mwisho. Hatapoteza baba yake. Nimewafundisha vijana wa mafunzo kwa vitendo kuifanya hii kwa asubuhi moja, na mchana walikuwa wanachomoa waya wa kompyuta kwa makusudi ili kuona maneno yakirudi, wanapiga makofi kila yanaporudi.

Tatizo si ugumu. Tatizo ni mahali tunapojengea. Kompyuta ya fundi ina seva ndani yake. Anawasha programu, anaandika anwani ya seva ya ndani, na ukurasa unafunguka kabla kidole hakijaacha kitufe. Hapo mtandao haukatiki kwa sababu hakuna mtandao. Umeme haukatiki kwa sababu kompyuta mpakato ina betri. Anajaza fomu yake mwenyewe kwa "aaa" na "test" na "123", sekunde ishirini, anatuma, inapokelewa, anaripoti kwamba imekamilika. Hakuna mahali popote katika mchezo huo ambapo binti wa Chimala ameingia. Hakuna mvua. Hakuna mtu anayeandika kwa vidole viwili. Hakuna anayesimama kwenda kumtafuta mwenyekiti wa mtaa agonge muhuri.

Na huyo anayekwenda kutafuta muhuri tunamfanyia ukatili wa pili, ambao kwangu unachukiza kuliko wa kwanza kwa sababu hata radi haipo ya kulaumiwa. Mifumo mingi tunayotumia imejengwa kwa lugha ya PHP. PHP ikiletwa kama ilivyo, bila kuguswa, mpangilio wake unaruhusu kikao cha mtumiaji aliyenyamaza kufutwa baada ya sekunde 1,440. Gawanya: dakika 24. Seva haioni herufi unazoandika. Inaona tu pale unapobonyeza na kutuma. Kwa hiyo ukikaa kwenye ukurasa mmoja dakika arobaini ukiandika kwa uangalifu, kwake wewe umekwenda zako. Unabonyeza "Endelea", inakujibu kwamba muda wako umeisha, ingia upya, na ulichoandika kimekwenda na maji. Dakika 24! Ni nani aliyekaa akapima kwamba Mtanzania anahitaji dakika 24 kueleza maisha yake? Hakuna. Ni namba iliyokuja na kifurushi, na fundi hakufungua faili kuitazama. Watu wamekosa nafasi kwa ajili ya namba ambayo hakuna aliyeichagua.

Nasikia tayari jibu, nimelisikia vikaoni mara nyingi: mtumiaji aandike kwanza kwenye programu ya maandishi, halafu anakili na kubandika. Mtumiaji awe na intaneti nzuri. Mtumiaji asisubiri siku ya mwisho. Mtumiaji, mtumiaji, mtumiaji. Sisi ndio tunaolipwa, lakini maagizo yote anapewa yeye. Nani asiyejua kwamba nchi hii ilipita kwenye mgao wa umeme miezi ya mwisho ya 2023 hadi mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulipoanza kuzalisha Februari 2024? Nani hakumbuki Jumapili ile ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipokatika, na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia zaidi? Haya si maajabu yaliyotokea mara moja yakapita. Ndiyo hali ya hewa ya kazi yetu. Mjenzi wa nyumba wa Uyole akiezeka paa bila kufikiria mvua, hatumwambii mwenye nyumba akalale kwingine masika.

Kuna neno letu linaloniuma kila ninapoliona chini ya fomu hizi: Hifadhi. Kitufe kimeandikwa hivyo, kwa Kiswahili safi. Neno zito hilo. Mtoto wa madrasa anayehifadhi sura haandiki popote. Anaitia moyoni na miaka hamsini baadaye bado anayo. Kitulo, juu kule kwenye baridi na maua, tunaiita hifadhi kwa sababu ua lililopo leo tunataka mjukuu alikute. Tukalichukua neno hilo, tukalibandika kwenye kitufe ambacho ukikibonyeza laini ikiwa imezubaa, kinazunguka, kinazunguka, kisha kinakuletea ukurasa mweupe. Kama kitufe chako hakihifadhi, lifute neno hilo. Andika "Bahatisha".

Hoja moja tu ya wapinzani wangu ina uzito, na nitaipa nafasi yake. Kompyuta ya steshenari ni ya kila mtu. Ukihifadhi rasimu ya binti kwenye kivinjari, mteja wa pili anafungua na kukuta namba ya kitambulisho chake, simu ya mama yake, habari za msiba wao. Hilo ni kweli, na si dogo. Tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi hapa nchini, na hata kabla ya sheria, aibu ya mtu ni aibu ya mtu. Nimewahi mwenyewe kufungua kivinjari cha mahali kama pale nikakuta barua ya mtu ya kuomba talaka imekaa wazi.

Lakini angalia wanavyoitumia hoja hii. Wanasema: kwa kuwa mwizi anaweza kuingia ghalani, tusiwe na ghala. Wakulima wa nyanda hizi hawajawahi kufikiri hivyo. Mahindi yanawekwa kwenye kihenge, na kihenge kinawekewa mlango. Kwa fomu, mlango upo wa namna nyingi, na fundi anayejua kazi yake anazijua. Mwulize mtu mwanzoni, kwa maneno ya kawaida: kifaa hiki ni chako au cha watu wengi? Akijibu ni cha watu wengi, tuma rasimu kwenye seva kila baada ya sekunde chache mtandao unapokuwepo, chini ya akaunti yake, na kile kidogo kinachobaki kwenye kompyuta kifunge kwa ufunguo unaopatikana kwa neno lake la siri tu. Akitoka, futa. Asipotoka, futa baada ya saa kadhaa. Namba ya kitambulisho usiiweke kabisa kwenye kabati. Mwache airudie kuiandika, ni tarakimu tu. Insha ya maneno mia tano ndiyo isiyorudiwa. Ukiweka mizani hivyo unaheshimu siri yake na unaheshimu jasho lake. Anayekuambia lazima uchague moja hajakaa chini kufikiri.

Na ieleweke pia kwamba kabati la kivinjari si benki. Simu ikijaa, na simu zetu zimejaa video za magrupu mpaka zinalia, kivinjari kinaweza kutupa vitu vya tovuti bila kukuuliza. Kivinjari cha Safari cha Apple tangu 2020 kinafuta vilivyohifadhiwa namna hii ikiwa umekitumia siku saba bila kuigusa tovuti yenyewe. Kwa hiyo kifaa ni pa kuanzia, seva ni pa kufikia, na kazi ya fundi ni kuhakikisha mzigo unasafiri kutoka huku hadi kule bila kudondoka njiani, kila mtandao unapopumua. Tunaita kusawazisha. Ni kazi yenye matatizo yake: mtu akianza kwenye simu na kumalizia kwenye kompyuta, ipi ndiyo rasimu ya kweli? Hayo ni maswali mazuri, ya watu wazima. Ningefurahi sana kama tungekuwa tunabishana juu ya hayo.

Msiniambie Afrika Mashariki haijafika huko. Mwaka 2011 Kenya ilisambaza nchi nzima mfumo wa taarifa za afya wa DHIS2, ambao kitovu chake ni Chuo Kikuu cha Oslo na ambao hata wizara yetu ya afya inautumia. Unafanya kazi ndani ya kivinjari, kivinjari cha kawaida. Vituo vya wilayani vilikuwa na intaneti inayokuja na kuondoka, na wajenzi wake hawakuwaandikia wauguzi waraka wa kuwataka wavumilie. Waliutia mfumo uwezo wa kupokea takwimu bila mtandao: laini ikikatika, mfumo unakuambia umekatika na kwamba unachoandika kinawekwa hapohapo kwenye kompyuta, laini ikirudi, unakuambia kuna taarifa hazijapelekwa, zipeleke. Sentensi mbili za ukweli. Muuguzi hapotezi idadi ya watoto waliochanjwa.

Zanzibar wamekwenda mbali zaidi. Mpango wa Jamii ni Afya unawatuma wahudumu wa afya ya jamii nyumba kwa nyumba, Unguja na Pemba, wakiwa na simu. Programu yao imejengwa juu ya zana za wazi zinazoanza na kifaa: kila anachojaza mhudumu kinaingia kwanza kwenye hifadhidata iliyo ndani ya simu, iitwayo PouchDB, na baadaye, simu ikikutana na mtandao, inazungumza na hifadhidata ya CouchDB kwenye seva na kulinganisha. Mhudumu aliye kwenye kijiji kisichoshika laini anamaliza ziara yake kama kawaida. Kwake mtandao ni basi linalokuja jioni kuchukua mzigo. Lisipokuja leo litakuja kesho, na mzigo upo.

Kwa hiyo tunapozungumza na wale wanaosema haiwezekani kwa mazingira yetu, tunazungumza na watu ambao mazingira yetu yenyewe yamekwisha kuwakanusha. Mifumo hiyo ilijengwa hivyo kwa sababu kuna mtu aliyeona kwamba takwimu za wizara zikipotea wafadhili watauliza. Insha ya binti wa Chimala ikipotea hakuna atakayeuliza. Hiyo ndiyo tofauti yote, na ndiyo inayonipandisha hasira. Ujuzi upo. Tunaugawa kwa kuangalia nani ana sauti.

Nimesema sana juu ya maandishi. Pesa nayo iguswe. Kila mtu hapa Mwanjelwa anamjua mtu aliyebonyeza "Lipa", ukurasa ukaganda, akabaki na swali moja tu: nikibonyeza tena nitakatwa mara mbili? Wengine hubonyeza. Wengine hukaa wakitetemeka kusubiri meseji ya muamala. Dawa yake ni ya kale katika ufundi huu: ombi la malipo lipewe namba yake ya kipekee na kifaa kabla halijaondoka, namba hiyo ihifadhiwe kwenye kifaa, na seva ikiiona kwa mara ya pili ijue ni ombi lilelile, isikate tena. Ni risiti yenye namba, basi. Duka la vifaa vya ujenzi la Soweto lina kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni na namba zilizochapwa mfululizo, na muuza duka hawezi kukuuzia saruji ileile mara mbili kwa sababu kalamu iliishiwa wino katikati.

Wanaonunua mifumo hii nao siwaachi. Halmashauri, vyuo, mifuko, mashirika, saccos: mnakaa kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, mtaalamu anawaonyesha rangi, picha inayozunguka na chati zinazopanda, mnapiga makofi, mnasaini. Kwenye hadidu za rejea mmeandika mfumo uwe wa kisasa, uwe rafiki kwa mtumiaji, uwe salama. Hakuna hata mstari mmoja unaosema mtu asipoteze alichoandika. Uandikeni. Na siku ya makabidhiano msikubali kuonyeshwa, jaribuni. Mwambieni mtaalamu afungue fomu kwenye kompyuta ya mezani, ajaze kurasa tatu kwa maneno ya kweli, halafu mmoja wenu ainuke, aende ukutani, achomoe waya. Washeni upya. Kama kurasa tatu hazijarudi, mfumo haujaisha, na hela yake haijaiva. Rudieni kwa simu ya bei nafuu, ikiwa kwenye hali ya ndege. Rudieni tena baada ya chakula cha mchana, ule ukurasa ukiwa wazi saa nzima bila kuguswa. Majaribio matatu tu, na nusu ya mifumo tunayoisifu itaanguka mbele ya macho yenu.

Walimu wetu wa vyuo, hapa Mbeya na kwingineko, nawaomba kitu kimoja kidogo. Mwanafunzi akileta mradi wake wa mwisho, mzimieni mtandao katikati ya maonyesho bila kumwambia. Mpeni alama kwa kitakachotokea.

Nilirudi pale steshenari wiki iliyofuata. Nilitaka kumwambia yule dada kwamba kile kilichotokea hakikuwa kosa la kompyuta zake, maana nilimwona usiku ule akimrudishia binti hela yake, shilingi elfu mbili, ambazo alikuwa na kila haki ya kuzichukua. Alinisikiliza huku akihudumia. Kisha akavuta kutoka chini ya meza kaunta buku kubwa, la kurasa nyingi, lenye jalada gumu, pembe zimeanza kuchakaa.

Siku hizi, akaniambia, hamgusishi mtu kibodi kabla hajaandika kila kitu humo kwa kalamu. Amechora mistari mwenyewe kwa rula: jina, shule, namba, maelezo. Mteja anakaa kwenye benchi la nje anajaza, yeye ndiye anayeingiza kwenye kompyuta. Mtandao ukikata, kitabu kipo. Mteja akimaliza na ombi likipokelewa, anaichana karatasi yake na kumpa aondoke nayo, ili mtu mwingine asisome mambo yake.

Nilisimama pale na kaunta buku mkononi. Kuhifadhi kwanza kwenye kifaa. Kupeleka baadaye. Kufuta baada ya kuthibitisha kwamba imefika. Mwanamke ambaye hajawahi kuandika mstari mmoja wa msimbo alikuwa amejenga, kwa rula na kalamu ya bluu, kila kitu ambacho wenzangu wenye shahada walilipwa kujenga na hawakujenga.

Nikamwuliza kuhusu binti wa Chimala. Alifungua ukurasa wa kwanza kabisa wa kitabu, akanionyesha. Palikuwa na jina na namba ya simu tu, vimeandikwa kwa mwandiko wa mwenye steshenari mwenyewe, na chini yake nafasi tupu ya kurasa mbili aliyoiacha bila kuijaza. Alisema alimpigia kumwambia kwamba kuna ufadhili mwingine umetangazwa, mwisho wake ni tarehe 30 Machi, na kwamba safari hii aje na aandike polepole.